Cheo na jina: wafalme wetu katika vitabu vya marejeo

Tulipoanza kukusanya majina ya wafalme wa Katanga na wa jirani zake, tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Tulifungua kamusi za historia na ensiklopedia, tukatafuta herufi K, tukamkuta Kazembe. Ni Kazembe mmoja tu, na mistari chini yake.

Mwanafunzi akisoma pale atafahamu nini? Atafahamu kwamba huyu Kazembe wa Luapula alipokea msafara wa Mreno Lacerda mwaka 1798, akawapokea Monteiro na Gamitto mwaka 1831, kisha akamkaribisha Livingstone mwaka 1867. Miaka 69 juu ya kiti, na siku ya kwanza alikuwa tayari mtu mzima! Kusema kweli, wale ni watu watatu: Lukwesa Ilunga, Kanyembo Keleka Mayi na Muonga Sunkutu. Kazembe ni cheo, kilichotoka kwa Mwant Yav wa Musumba. Na Mwant Yav pia ni cheo, hata kama vitabu vinakiandika Mwata Yamvo, Muata Yanvo ao Muatiânvua, sawa vile ni jina ambalo mama alimpa mtoto wake.

Sasa tuangalie namna vitabu vile vile vinavyowaandika wazungu wenye vyeo. Stanley alipewa cheo cha Sir mwaka 1899, lakini tunamkuta kwenye S. Dhanis, yule wa vita na Waarabu wa Maniema, alifanywa baron, lakini tunamkuta kwenye D. Léopold II yuko kwenye L, na jina lake na hesabu yake, na hakuna anayemchanganya na Albert I eti kwa sababu wote wawili walikuwa mfalme wa Wabelgiji. Kwao cheo ni nguo juu ya mtu. Kwetu nguo imeandikwa, mwenye kuivaa amesahauliwa. Hilo ndilo kosa tunalolishitaki hapa.

Lakini tuseme ukweli wote. Kosa halikutoka kwa wageni peke yao. Wao waliandika kile walichosikia, na kinywa cha watu wetu kinataja cheo, kwa sababu ya heshima. Jina la utoto la mfalme aliyeketi kitini halitupwi ovyo ovyo. Tena kwa Walunda na watu wa Luapula, anayeriti jina anariti na mtu mwenyewe, pamoja na wake zake wa ukoo, wajomba na wadogo. Ndiyo maana sultani anaweza kusema «miye nilitoka Musumba» na hali aliyetoka Musumba ni mzee wa zamani sana. Mwingereza Ian Cunnison aliyaeleza vizuri katika kitabu chake juu ya watu wa Luapula, mwaka 1959. Kwa hiyo wenzetu wanaotaka kufuta vyeo na kubakiza majina ya kuzaliwa peke yake, nao hatukubaliani nao. Ukimwandika mfalme kwa jina la utoto tu, unamwondoa kitini, na watu wake hawatamtambua.

Tuchukue Bunkeya. Aliyeanzisha ufalme wa Wayeke aliitwa Ngelengwa. Dunia inamjua kwa jina la Msiri. Mmisionari Arnot aliandika Msidi, Crawford akaandika Mushidi, wengine wanaandika M'Siri. Ni mtu mmoja, yule aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 wakati wa msafara wa Stairs. Nyuma yake jina Mwenda, ambalo lilikuwa lake pia, likawa jina la kiti. Mjukuu wake Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga tangu 1960, aliketi kitini mwaka 1976 kwa jina la Mwami Mwenda VI, mpaka kufa kwake mwaka 1992. Kitabu cha siasa kinamweka kwenye Munongo, kitabu cha desturi kwenye Mwenda. Msomaji asiyejua anaona watu wawili, na pengine anamchanganya na babu yake.

Kule kwa Waluba wa Kamina shida inageuka upande. Kasongo Nyembo alikuwa mtu, yule aliyepigana na Wabelgiji mpaka wakamkamata mwaka 1917. Leo ni jina la usultani, na kila anayeingia kitini analivaa. Ukisoma «Kasongo Nyembo alisema» bila mwaka, hujui ni nani aliyesema.

Mutu anaweza kuuliza: haya si mambo ya maprofesa tu? Hapana. Katiba ya 2006 inatambua mamlaka ya kidesturi, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 imeweka hali ya masultani mbele ya Leta. Nyumba mbili zikigombania kiti, kila moja inaleta fotokopi ya kitabu kama shahidi. Kitabu kikiandika cheo bila jina, nyumba moja inaweza kujipa kazi za babu wa nyumba ingine, na hakuna wa kuikatalia kwa maandishi. Hata pasipo ugomvi, wale waliotawala kimya katikati ya wafalme wawili wenye sifa wanapotea kabisa. Watoto wao wapo kati yetu.

Basi, sisi tunaona mwandishi wa kitabu cha marejeo anapashwa kufanya hivi. Kwanza, aandike cheo na jina pamoja, Kazembe Lukwesa Ilunga, wala asiache kimoja. Pili, aongeze miaka ya kutawala, na kama miaka haijulikani, aseme nani alimtangulia na nani alimfuata. Tatu, kila jina na kila namna ya kuliandika lipewe nafasi yake katika orodha, na limpeleke msomaji mahali pamoja: anayetafuta Msidi, Munongo ao Muata Yanvo asirudi mikono mitupu. Ine, cheo kisigeuzwe «chef» tu, kama biro za wakoloni zilivyofanya. Mwant Yav, Mwami na Mulopwe si kitu kimoja, na hakuna hata mmoja aliyewekwa na karani.

Hesabu za I, II, III nazo zitumiwe kwa akili. Zinasaidia pale ambapo watu wenyewe wanazikubali, kama Bunkeya. Pale ambapo nyumba mbili hazikubaliani juu ya nani alikuwa mfalme wa kweli, hesabu inakuwa hukumu, na mwandishi wa kamusi hakuitwa kuwa zuzi.

Sisi wenyewe tumekosa katika orodha yetu ya kwanza: majina matatu tuliyaandika kwa cheo tu. Tunayasahihisha. Na wewe msomaji, kama kwenu kuna mzee anayejua jina la kuzaliwa la sultani wa zamani, mwendee kwa heshima, muulize, andika jina, andika na aliyekuambia, kisha utuletee.