Kununua na Kukomboa: Kumsoma Atiman Karema

Ujiji, mgeni huonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna mnara, kuna miembe, na ndani ya makumbusho kuna sanamu za wanaume wawili wakiamkiana. Watu hupiga picha, hutania ile salamu maarufu, kisha huenda zao. Karema, zaidi ya kilomita 200 kusini kwenye mwambao huohuo wa Ziwa Tanganyika, haina salamu maarufu. Ina ukimya.

Ukimya huo unashawishi. Milima iko nyuma, maji yako mbele, na katikati kuna misheni kongwe. Ilianza kama ngome ya Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold II mwaka 1879. Mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe. Miaka hiyo ziwa lenyewe lilikuwa linarudi nyuma, kwa kuwa maji yalikuwa yamefungua njia ya kutokea upande wa magharibi, kupitia mto Lukuga. Ngome iliyojengwa jirani na maji ikabaki nchi kavu. Ukikaa kivulini jioni, unaona kama hapa hapajawahi kutokea kitu.

Mimi nilikaa kivulini na nakala ya tawasifu ya Adrien Atiman, na kila nilipofungua ukurasa ukimya ule ulizidi kunitia shaka.

Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita Mali leo. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadri Weupe walimpata, wakalipa fedha, wakamchukua. Walimpeleka Malta kusomea udaktari, kisha wakamtuma Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, awe tabibu na katekista. Alitibu watu hapo kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Simulizi yake ilichapishwa mwaka 1946, yeye akiwa anakaribia miaka 80, na kichwa chake kinasisitiza kwamba anayesema ni Atiman mwenyewe.

Kiswahili kinatupa namna ya kuisoma ambayo Kiingereza iliyochapishwa nacho hakitupi kwa urahisi. Mteka watu akilipwa fedha, tunasema mtoto amenunuliwa. Padri akilipa, tunasema mtoto amekombolewa. Soko ni lilelile, fedha ni zilezile, mtoto ni yuleyule. Kinachobadilika ni kitenzi. Je, kitenzi kinatosha?

Si swali la Atiman peke yake. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na katika miaka iliyofuata walinunua watoto wengi kwenye masoko ya ziwa hili. Watoto hao hawakurudishwa kwao. Mara nyingi hapakuwa na njia ya kuwarudisha. Walipewa majina mapya, mashamba, sala, na walipokua wakaozeshwa wao kwa wao katika vijiji vya misheni. Walilindwa na wawindaji wa watumwa, na hilo si jambo dogo. Lakini aliyewalinda ndiye pia aliyewapangia maisha.

Ni rahisi kuisoma tawasifu hii kama ushahidi wa shukrani, na ndivyo wasomaji wa kidini walivyoipenda. Ni rahisi vilevile kwa msomaji wa leo kuikunjia uso, kwamba mzee alikuwa ndani ya nyumba ya waliomlea, angesema nini kingine? Nadhani wote wawili wanamnyang'anya kauli. Mtu aliyepitishwa mikononi mwa watu kama bidhaa, mzeeni anaketi na kuyapanga maisha yake kwa mpangilio anaoutaka yeye. Shukrani yake ni yake. Huzuni nayo ni yake. Hatuna haki ya kumchagulia moja.

Lawama yangu iko kwingine. Kazi hii ilitoka katika jarida la kitaalamu la Tanganyika ya kikoloni, lililosomwa zaidi na maofisa na watafiti. Wagonjwa wake walikuwa watu wa Kiswahili, Kifipa na Kibende. Mtu aliyewasikiliza maisha yake yote aliposema habari zake, wao hawakuwa ndio waliolengwa kumsikia. Wakati huohuo, salamu ya wageni wawili pale Ujiji tunaijua tangu shule ya msingi.

Adrien ni jina la ubatizo. Atiman ni jina alilokuja nalo kutoka nyumbani, likapita soko, jangwa na bahari bila kupotea. Ukifika Karema, usiusifie ukimya wake haraka. Keti, fungua kurasa, umwache mwenye jina aseme.