Kinjeketile na Kipimo cha Utunzi kama Utafiti

Aghalabu hudhaniwa kwamba mtafiti hutafuta ukweli na msanii hubuni. Mgawanyo huo ndio unaomtia mtahini shaka kazi ya kubuni inapoletwa mbele yake kama utafiti. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), inaonyesha kwamba shaka hiyo ina msingi, ila imeelekezwa mahali pasipo pake.

Tamthilia hiyo ilitoka wakati ambapo wanahistoria wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wao, walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa na maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi vimo katika historia, navyo vimo jukwaani. Lakini jambo moja Hussein amelibadili. Kinjeketile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mapema Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Shambulio la boma la Mahenge lilitokea mwishoni mwa mwezi huo. Katika tamthilia anaishi hadi watu wake washindwe, kisha, akiwa kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uwongo.

Mwanahistoria angeliita hilo kosa la tarehe. Kwa mtunzi, ndiyo njia ya kuuliza swali: nabii afanye nini neno lake linapokua likampita kimo? Kinjeketile wa jukwaani amekwisha kulishuku neno lake, lakini anakataa kulikana, kwa kuwa vizazi vijavyo vingeamini kwamba hata umoja uliozaliwa nalo ulikuwa uwongo. Masimulizi yaweza kueleza nani alipewa maji na wapi. Hayawezi kueleza yaliyopita moyoni mwa mtu aliyenyongwa. Ubunifu hapa hauichukui nafasi ya ushahidi, bali huanzia pale ushahidi unapokoma. Wala Hussein hamdanganyi msomaji: katika utangulizi anamtenga mhusika wake na mtu wa historia.

Suala hili lina uzito Eldoret pia. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimepakana na nchi ya Wanandi, ambako Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji, katika mkutano ulioitwa wa amani. Richard Meinertzhagen, afisa Mwingereza aliyeongoza mauaji hayo, aliacha maandishi. Waliokufa pamoja na Koitalel hawakuacha hata mstari. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeutungia mkutano huo tamthilia hana budi kuyapima maandishi ya muuaji kwa masimulizi ya Wanandi, kisha aingie katika kimya kilichobaki.

Kazi kama hiyo ikimfikia mtahini, yafaa aulize mambo matatu. Mtunzi amesoma na kusikiliza nini? Amebadili nini, na kwa sababu gani? Je, badiliko hilo limeleta maarifa ambayo sura ya tasnifu isingeweza kuyaleta? Likikosekana jibu la swali la tatu, tamthilia itabaki tamthilia, pengine nzuri, lakini si utafiti. Likikosekana la pili, hasara ni kubwa zaidi: mhusika atammeza mtu wa historia, na wasomaji watakumbuka kifo ambacho hakikutokea hivyo.