Sentimita 42

Mwanamke mwenye kifua cha sentimita 126 anataka gauni la miaka ya 1780 la kuvaa jukwaani. Fundi anafungua vitabu vya Janet Arnold, Mwingereza aliyezipima nguo za makumbusho mshono kwa mshono na kuzichora kwenye miraba, kila inchi ya nguo ikiwa moja ya nane ya inchi kitabuni. Gauni linapatikana. Tuseme lilishonewa mwanamke wa kifua cha sentimita 84. Basi zinapungua sentimita 42, na ufundi wote umo katika kujua zikae wapi.

Mwenye haraka atakimbilia mashine ya fotokopi. Kutoka 84 hadi 126 ni mara moja na nusu, kwa hiyo mchoro ukuzwe mara moja na nusu, kazi imekwisha. Lakini bega la sentimita 12 litakuwa 18, na mgongo wa sentimita 38 kutoka shingoni hadi kiunoni utafika 57. Kiuno cha gauni kitaangukia nyongani. Mtu akinenepa, mifupa yake hairefuki. Kinachoongezeka zaidi ni kifua, tumbo na mkono wa juu, huku bega likibaki karibu palepale. Mafundi wa suti wa karne ya 19 walikutana na jambo hilihili. Wengi wao walichora koti zima kwa kipimo kimoja cha kifua, shingo na bega vikiwa sehemu fulani ya kipimo hicho. Kwa kijana wa wastani hesabu ilikubali. Kwa bwana mwenye kitambi ilikataa, ndipo vitabu vyao vikaweka michoro ya pekee kwa wateja wanene.

Fundi hodari huanza na mwili, karatasi baadaye. Mteja huvalishwa koseti kwanza, kwa kuwa gauni la enzi ile lilikaa juu ya koseti, na kipimo kilichochukuliwa kabla yake hakina kazi. Futikamba nayo haizungushwi mara moja tu. Mbele hupimwa peke yake, ubavu hadi ubavu, na nyuma peke yake. Wanawake wawili wanaweza kuwa na sentimita 126 wote, mmoja ana matiti makubwa na mgongo mwembamba, mwingine mgongo mpana na kifua cha kawaida. Pateni moja haiwezi kuwakaa wote wawili.

Hapo ndipo mkasi unaingia. Kipande cha mbele hukatwa kutoka kiunoni kwenda juu hadi ncha ya titi, kisha mkasi unageuka kuelekea kwapani na kusimama milimita moja au mbili kabla ya ukingo, karatasi ibaki imeshikana kama bawaba. Mkato wa pili hutoka ubavuni hadi ncha ileile. Fundi akivuta, karatasi inafunguka kama mlango: uwazi ni mpana kifuani, unapungua na kuishia kwapani. Bega halijaguswa. Karatasi nyingine hubandikwa chini ya uwazi, mistari ikachorwa upya. Ubavuni huwa pamezaliwa dati, yaani mkunjo wa kushonwa, na gauni la enzi hiyo halikuwa na dati mahali pale. Basi huikunja na kuuhamishia upana wake kwenye ukingo wa mbele, ambako mshono utaumeza.

Mgongo ndio mtihani wenyewe. Mishono ya nyuma ya gauni hilo hupinda na kukaribiana kiunoni, ikiacha katikati kipande chembamba kama jani. Jicho huitambua enzi kwa wembamba huo. Kila kipande kikiongezwa sawasawa, mgongo unakuwa sinia, na gauni la 1780 limepotea hata kama linamtosha mvaaji. Sentimita za nyuma zinapaswa kufichwa kwenye vipande vya pembeni, chini ya mkono. Koseti ina sharti kama hilo: njia za kupitishia ile iitwayo mifupa ya nyangumi, ambayo leo ni plastiki au chuma, hazipanuliwi. Huongezwa idadi.

Wapo wanaoamini kwamba watu wa kale walikuwa wembamba wote, na makumbusho ndiyo yamewalea katika imani hiyo. Hariri ilikuwa ghali. Gauni kubwa lilikuwa na kitambaa kingi, likafumuliwa na kushonwa upya kwa binti au mtoto. Dogo halikumfaa mtu, likabaki sandukuni hadi likaingia kwenye kabati la kioo. Ushahidi wa miili mikubwa upo hata hivyo. Daniel Lambert wa Leicester alifariki mwaka 1809 akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 330, na nguo zake zimehifadhiwa katika mji huo. Suruali ya ndani ya Malkia Victoria iliyouzwa mnadani mwaka 2008 ilikuwa na kiuno cha inchi 50. Kuna fundi aliyekaa akazishona nguo hizo, akazishona vizuri.

Na mafundi hao walikuwa na akili ya kuachia nafasi. Vizibao vya wanaume vya karne ya 18 mara nyingi vilipasuliwa mgongoni na kufungwa kwa kamba. Hariri ilifumwa kwa upana wa kama sentimita 50, hivyo sketi ikibana huongezwa kipande kimoja. Shati na shimizi vilikatwa kwa mistatili, pembetatu zikaongezwa ubavuni na mraba kwapani ili mkono uinuke. Msomaji wa pwani ataona hapo ndugu wa kanzu, yenye badani, taharizi na kikwapa. Mwili ukiongezeka, taharizi hupanuliwa, bega halina habari.

Kabla ya hariri kuguswa, sehemu yote ya juu ya gauni hushonwa kwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kile ambacho Waswahili walikiita marekani kwa sababu kilifika Zanzibar kwa meli za Kimarekani kutoka Salem, Massachusetts. Jimbo hilohilo ndilo la Ebenezer Butterick, fundi nguo aliyeanza mwaka 1863 kuuza pateni za karatasi za saizi mbalimbali. Kabla yake, jarida kama Godey's Lady's Book la Philadelphia lilichapisha mchoro wa saizi moja, msomaji akajitegemea kuukuza.

Mteja anavaa marekani yake. Anaambiwa ainue mikono, akae, avute pumzi. Fundi anasoma mikunjo: unaotoka titini kwenda kwapani unasema kifua kimebanwa, uliolala juu ya kiuno nyuma unasema mgongo ni mrefu mno. Hapa anabana pini, pale anakata kwa mkasi na kuacha kitambaa kifunguke chenyewe kadiri mwili unavyotaka. Kisha mishono yote inafumuliwa, vipande vinapigwa pasi, na marekani ileile yenye vidoa vya penseli inalazwa juu ya hariri kuwa pateni, jina la mwenye mwili likiwa limeandikwa pembeni.