Usukani Unaotikisika Uchunguzwe Kuanzia kwenye Gurudumu

Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, bado zinabeba wagonjwa, watalii, wahandisi na askari wa wanyamapori katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na nyingi kati yake zimezeeka kazini. Tatizo lao moja linafahamika kwa madereva wengi. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa, gurudumu la mbele likagonga shimo, usukani huanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu, na hautulii mpaka dereva apunguze mwendo. Dawa inayotangulia katika gereji nyingi ni kubadilisha shokapu ya usukani, na hiyo isiposaidia, kukaza skrubu ya stelingi boksi. Naona dawa zote mbili zinaanzia mahali pasipostahili. Mtikisiko huo huzaliwa chini, kwenye gurudumu na ekseli, na anayetaka kuumaliza hana budi kuifuata njia ya nguvu kutoka kwenye tairi hadi mikononi mwa dereva, akipima kiungo kimoja kabla ya kuhamia kingine.

Sababu iko katika umbo la gari lenyewe. Ekseli ya mbele ni nzima, imetoka upande mmoja hadi wa pili, na magurudumu yote mawili yamefungwa pamoja kwa tai rodi. Gurudumu la kushoto likisukumwa, la kulia nalo linasukumwa. Magurudumu yana uzito, yanazunguka, na yakipata nafasi ya kucheza huanza kuyumba kwa mdundo wao wenyewe. Mwanya wa nusu milimita kwenye boli jointi moja mara nyingi hauonekani barabarani. Uongeze mwanya kama huo kwenye bushi za panadi rodi, ile fimbo inayozuia ekseli isihame pembeni katika modeli za springi za koili zilizokuja mwaka 1999, kisha uongeze beringi iliyolegea na tairi lisilobalansi, hapo mdundo unapata njia ya kujilisha. Shokapu ya usukani kazi yake ni kumeza sehemu ya nguvu hizo. Haizuii chochote kucheza.

Hapa fundi mzoefu atapinga, tena kwa ushahidi: alifunga shokapu mpya na mtikisiko ukaisha siku hiyohiyo. Ni kweli huisha. Lakini shokapu mpya inameza zaidi kuliko ile iliyochoka, kwa hiyo kutulia kwa usukani kunathibitisha tu kwamba nguvu za mdundo sasa zinamezwa, wala hakusemi zinatoka wapi. Mwanya uliokuwepo asubuhi upo jioni, na unaendelea kupanuka huku dalili yake ikiwa imefichwa. Ekseli iliyo salama inapaswa kutulia kwenye mwendo wa kawaida hata shokapu hiyo ikiwa imechoka. Kwa hiyo wakati wa uchunguzi ni afadhali shokapu ya zamani ibaki mahali pake, ili ugonjwa uendelee kuonekana.

Uchunguzi uanze na tairi, kwa kuwa ndilo rahisi kukagua na ndilo linaloshukiwa kidogo kuliko inavyostahili: upepo, uvimbe, rimu iliyopinda, tope lililogandia ndani ya rimu. Kubadilishana matairi ya mbele na ya nyuma hakugharimu kitu, na mtikisiko ukibadilika umeshajua pa kushika. Kisha gari libaki chini, uzito wake ukiwa juu ya magurudumu, injini ikiwaka, mtu mmoja akichezesha usukani kidogokidogo kulia na kushoto, mwingine akiwa chini ya gari anatazama na kugusa kila boli jointi, kila bushi na mkono wa stelingi boksi. Wengi huinua gari kwa jeki kwanza, na hapo hukosea, maana gurudumu lililo hewani halileti upinzani, na kiungo kilicholegea huonekana kizima. Anayetazama asiridhike na kuona vitu vinasogea. Atafute mahali ambapo kipande kimoja kinasogea na kinachofuata kinachelewa.

Jeki inahitajika kwa hatua inayofuata, na hii ndiyo inayostahili muda kuliko zote. Gurudumu likiwa hewani na ekseli imekaa juu ya stendi, lishike juu kabisa na chini kabisa, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mafundi wengi hutamka papo hapo kwamba ni beringi ya gurudumu, wanaifungua, wanaikaza au kuinunua mpya, na gari linarudi baada ya wiki chache. Kabla ya hukumu hiyo, mtu akae kwenye kiti cha dereva akanyage breki kwa nguvu, nawe urudie kulitikisa gurudumu. Breki ikikanyagwa, diski iliyofungwa kwenye habu hukamatwa na kalipa iliyofungwa kwenye kifundo, ile sehemu inayogeuka gari linapokata kona. Habu na kifundo vinakuwa kitu kimoja, na mwanya wa beringi ya gurudumu unafungwa. Mchezo ukitoweka, kweli ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tatizo liko ndani zaidi, kwenye beringi mbili za kingpini, ya juu na ya chini, ambazo kifundo kizima kinageukia juu yake.

Beringi hizo zina maisha magumu kwa namna ya pekee. Beringi ya gurudumu inazunguka wakati wote na kuisambaza grisi yake. Ya kingpini inageuka nyuzi chache tu, kisha inarudi ilipokuwa. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka yenye makunyanzi, kama ile ya changarawe inayoshuka kutoka Ngorongoro kuelekea Seronera, roli zake zinapigwa mahali palepale kwa saa nzima, na taratibu zinachimba vijishimo kwenye kikombe cha beringi. Ndiyo maana dereva hulalamika kwamba usukani umelegea ukiwa katikati na unakuwa mzito ukikata kona: katikati roli zimekaa ndani ya vijishimo, pembeni zinapanda juu ya chuma ambacho hakijaliwa. Dalili hiyohiyo ndiyo inayomshawishi fundi akaze skrubu ya stelingi boksi. Boksi la aina hii limetengenezwa liwe limekaza zaidi katikati, na ukilikaza kupita kiasi ili kuficha mwanya wa kingpini, usukani utakataa kurudi wenyewe baada ya kona, na gia za ndani zitalika.

Mafuta yanayovuja nyuma ya gurudumu nayo ni ushahidi. Sili ya ndani ya shafti ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye kifundo, inayeyusha grisi, na uji mweusi unatoka nje na kurukia tairi. Kubadilisha sili peke yake huonekana kazi iliyokamilika. Lakini kifundo kilicholegea kinaruhusu shafti ikae nje ya katikati ya sili, na sili mpya inaliwa upande mmoja kama iliyotangulia. Kwa hiyo ukifungua kifundo kwa sababu ya sili, pima pia beringi za kingpini. Kipimo chenyewe ni rahisi: tai rodi ikiwa imetolewa, unakivuta kifundo kwa mizani ya kuning'iniza na kusoma uzito kinapoanza kugeuka. Kwa Land Cruiser nyingi za namna hii kiwango kiko takriban kati ya kilo 3 na 6, na kitabu cha ufundi cha modeli husika ndicho chenye neno la mwisho. Kupunguza shimu za beringi hizo kunakaza, ila ukizipunguza upande mmoja bila hesabu unakihamisha kifundo kutoka katikati, na sili inarudi kuvuja.

Kwa mngurumo na mtetemo, modeli zenye habu za kufunga na kufungua kwa mkono zinatoa jaribio zuri. Fungua habu zote mbili, ondoa gia ya mbele, uendeshe. Shafti, difu ya mbele na propela yake vinaacha kuzunguka na magurudumu. Sauti ikipotea, mtafute mkosaji miongoni mwa hivyo. Ikibaki, rudi kwenye beringi na matairi. Mhimili wa nyuma usisahauliwe: bolti ya katikati ya springi za majani ikikatika, ekseli inahama na gari linakwenda upande kama kaa, nalo linaonekana lina ugonjwa wa usukani. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia, ulinganishe.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Mwenye gari la biashara atasema ni nafuu kubadilisha kila kitu kwa mkupuo kuliko kumlipa fundi atazame. Hesabu hiyo ingekubalika kama spea zote madukani zingekuwa halisi, na kama kila kinachofungwa kingefungwa kwa kipimo. Boli jointi bandia inaweza kulegea mapema kuliko ya zamani iliyotolewa, na baada ya kubadilisha vyote hakuna anayejua kosa lilikuwa wapi. Alaimenti ya mashine nayo haiokoi: kwenye ekseli nzima kinachorekebishwa kwa kawaida ni urefu wa tai rodi tu, na ekseli yenye viungo vilivyolegea haiwezi kushika kipimo hicho. Wapo pia wanaosema gari kuukuu ni lazima licheze kidogo. Kwenye mzingo wa usukani, ndiyo, takriban milimita 30 huvumilika. Kwenye boli jointi na kingpini, hapana.

Jambo moja halina mjadala. Mkono wa usukani umefungwa kwenye kifundo kwa nati chache, na katika Land Cruiser za ekseli nzima nati hizo hulegea na stadi zake hukatika. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka nati ni alama kwamba chuma kinasuguana na chuma. Ukiuona, gari lisitoke gereji mpaka nati zifunguliwe, stadi zikaguliwe moja moja, na kila kitu kifungwe upya kwa spana ya kipimo.