Lugha Ngeni, Ngeni kwa Nani?

Kama hujaona Return of the Jedi (1983), itafute umtazame Nien Nunb, rubani mwenye mashavu yanayoning'inia. Yeye huongea Kisullust, lugha ya sayari yake. Sasa tega sikio. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na anachoongea ni Kikalenjin na Kikuyu.

Wengi hucheka hapo, eti tumefika angani. Hata mimi hucheka. Lakini kama kazi ya kubuni lugha, huo ni uvivu. Ujanja wote umesimama juu ya dhana kwamba ukumbini hakuna mtu wa Nyeri wala wa Kapsabet. Lugha ya nyanya ya mtu imegeuzwa kelele tu kwa sababu mtazamaji aliyefikiriwa haielewi.

Linganisha na Kivalyria cha Juu alichokitunga David J. Peterson kwa ajili ya Game of Thrones. Nomino zina makundi manne: ya mwezi, jua, ardhi na maji, na vivumishi hufuata kundi. Sisi watu wa ngeli hatushtuki. Kiti kidogo, viti vidogo, mchezo tunaujua. Kisha akaunda lugha iliyozaliwa nayo, ya mji wa Astapor, ambayo viishio vyake vingi vimepukutika. Hapo ndipo ananishika. Lugha inayoaminika huonekana imetumika. Mbona tunasema kisu na kiti, halafu chakula na chombo? Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Ki- ilikutana na irabu, vinywa vikaizoea kama ch-, basi.

Nasema haya kwa sababu fantasia nyingi za vijana wenzangu ninazosoma zina majina kama Xar'thok na lugha moja kwa ufalme mzima. Mwandishi wa Kakamega hana kisingizio. Toka Mumias, badilisha matatu mjini, shuka Mbale: utapita Kiwanga, Kitsotso, Kiisukha hadi Kimaragoli. Zote zinaitwa Kiluhya, na wenyewe hawaachi kutaniana kuhusu nani anaongea vibaya.

Ufalme wako wa kubuni unahitaji utani kama huo kuliko unavyohitaji kamusi. Kwa hivyo usichukue maneno ya jirani ukayaita ya majini. Chukua namna lugha yake inavyofanya kazi, halafu andika ukijua kwamba na yeye atasoma.