Mwana Asiye na Mikono

Mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, anaenea kiganjani. Niliposhikishwa mmoja kwa mara ya kwanza, kule Matombo, mashariki mwa Milima ya Uluguru, vidole vyangu vilijua vyenyewe pa kukaa: gumba shingoni, vingine vikizunguka kiwiliwili. Bibi aliyenipa alimtoa ndani ya kipande cha kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtoto mchanga. Nami nilimpokea hivyo hivyo.

Ni mti mmoja, hauna kiungo wala gundi. Kiwiliwili ni duara, unene wa mpini wa jembe, na urefu wote haufiki shubiri. Kitovu kimetokeza. Juu yake matiti mawili madogo kama kunde. Jina Matombo lenyewe, kwa Kiluguru, ni matiti. Shingo ina mikato miwili ya kuzunguka, halafu kichwa, na juu ya kichwa nywele zilizogawanyika kuwa vishungi viwili vyenye bonde katikati. Hana mikono, hana miguu. Macho ni vitobo viwili, na mdomo, kama uliwahi kuwapo, hauonekani tena.

Kinyume cha uchache huu, wapo watu wanaokusanya sanamu ndogo za tamthilia za kisayansi za televisheni, na wana kipimo chao cha ustadi: kila kifungo cha sare kionekane, kila taa ya chombo cha angani ihesabike. Nawaheshimu, maana kazi ile inataka jicho kali na mkono mtulivu. Lakini hata kwao, mojawapo ya maumbo yanayopendwa sana ni lile lisilo na uso. Dalek, ambaye umbo lake lilibuniwa na Raymond Cusick kwa ajili ya tamthilia ya Doctor Who, alionekana Uingereza Desemba 1963: kuba juu, mwili unaopanuka kuelekea chini, hakuna miguu. Mtoto angeweza kumtambua kwa kivuli chake tu. Wachongaji wa upande huu wa Morogoro waliijua siri hiyo bila televisheni. Vishungi viwili na shingo vinatosha. Hata gizani, mkono utakwambia umeshika nini.

Kazi huanzia kwenye ukavu. Tawi likichongwa bichi litapasuka, na ufa hukimbilia palipo pembamba, yaani shingoni. Kwa hiyo mti hukaushwa kivulini, polepole. Tezo ndogo hutoa umbo la jumla, kisu kinaendelea kutoka hapo. Nyuzi za mti zimesimama wima kutoka chini hadi utosini, na hapo ndipo ninapoiona busara ya umbo hili. Mkono unaochomoza pembeni ungekatiza nyuzi, nao ungevunjika siku ya kwanza mwana anapoanguka sakafuni. Vishungi vinapanda pamoja na nyuzi, vinadumu.

Bonde lile kati ya vishungi ndilo ninaloweza kulitazama kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Tezo haiwezi kuingia humo. Kisu kinakuja kutoka mbele, kisha kutoka nyuma, kikitoa kiunyoya kimoja kimoja cha mti, na njia mbili hizo lazima zikutane katikati. Kisu kikizidi upande mmoja, kishungi kimoja kinakonda, na hakuna namna ya kukirudishia nyama. Inabidi kukikondesha na cha pili ili vilingane, na hapo kichwa kizima kinakuwa kidogo kwa mwili wake. Makosa yote ya mchongaji yanaishia kwenye nywele.

Baadaye ni majani ya msasa. Karatasi ya kusugulia tunayonunua dukani imechukua jina la mti huu, ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Jani likichoka hutupwa, linachumwa jingine.

Lakini mchongaji hammalizi mwana hiti. Anayemmaliza ni mwali. Miongoni mwa Waluguru, kama kwa Wakwere na Wazaramo, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, kwa miezi na zamani hata zaidi, akifundwa. Humo alipewa mwana wa kulea. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimtengeneza nywele, alilala naye. Siku ya kutoka, mwana hakuwa wake. Alirudi kutunzwa, akimsubiri mwali mwingine. Waluguru huhesabu lukolo, yaani ukoo, kwa upande wa mama, na sanamu moja iliweza kupita katika mikono ya bibi, binti na mjukuu. Mti uliotoka kwenye msasa ukiwa mkavu uligeuka mweusi wa kung'aa, na mng'ao huo hakuna kisu kinachoweza kuutoa.

Umbo hilo hilo utaliona juu ya fimbo za wakubwa, kwenye viegemeo vya viti vya enzi, na kwa Wazaramo hata kwenye nguzo za makaburi. Mwaka 1994 sanamu za Tanzania zilioneshwa Berlin na Munich, na wana hiti walikuwamo, nyuma ya kioo. Nafurahi kwamba wameheshimiwa. Ila kioo kinachomlinda mwana na wadudu kinamnyima mafuta, na kwangu mimi yule asiyeguswa amesimamishwa katikati ya kutengenezwa.

Yule wa Matombo bado anatengenezwa. Nilipomgeuza kwenye mwanga wa mlangoni niliona mikato ya shingoni ni mirefu na mizito upande wa nyuma, lakini mbele imelika hadi kuwa laini kabisa, mahali palepale gumba langu lilipokwenda lenyewe. Bibi alimchukua. Alidondosha tone la mafuta ya nyonyo kiganjani, akampaka kuanzia vishungi hadi chini, bila haraka, akamviringisha tena kwenye kanga.