Samadi na Mbolea: Maneno Mawili Yaliyopishana

Wapo waandishi wa mambo ya kilimo watumiao samadi na mbolea kana kwamba ni neno moja lenye sura mbili. Wapo pia wasomaji ambao, wakishasikia kwamba samadi limetoka katika Kiarabu, hukata shauri kwamba Mswahili alifunzwa na mgeni hata kurutubisha shamba lake. Rai zote mbili hazina msingi.

Asili ya samadi haina utata. Kiarabu kina samād, nacho Kiswahili kimelitia irabu mwishoni, kama kilivyofanya katika wakati na maulidi. Yafaa tusilichanganye na Samad, jina la Mwenyezi Mungu: hilo huandikwa kwa herufi swad, samadi kwa herufi sin, na mashina yake ni mbalimbali.

Mbolea, kwa upande wake, ni neno la Kibantu. Shina lake ni -bola, ambalo katika Kizulu na Kibemba lingali na maana ya kuoza. Kiswahili kiliidondosha b baina ya irabu, ndipo tukapata oza na uovu. Lakini baada ya m sauti hiyo ilisalia, ndipo tukawa na mbovu na mbolea. Na kwa kuwa kitenzi chenyewe, -bola, hakimo tena katika Kiswahili sanifu, yaelekea jina hili ni la kale. Aliyeliunda alikwisha tambua kwamba kilichooza hulisha kinachoota.

Ajabu ni jinsi maneno haya yalivyopishana. Katika Kiarabu cha leo, samād huweza kutajwa hata kwa bidhaa za kiwandani. Kwetu limebana maana, likabaki na kinyesi cha mifugo. Mbolea, lililozaliwa na kuoza, limepanuka hata kubeba chembechembe za chumvichumvi zisizooza kamwe. Kila samadi ni mbolea, bali si kila mbolea ni samadi.

Tofauti hii si anasa ya wanaisimu. Mwandishi amwagizaye mkulima atie "mbolea" shimoni, huku akikusudia samadi, humtuma dukani akanunue kwa fedha kile kilichojaa zizini mwake. Na mwanahistoria ahesabuye maneno ya mkopo ili kupima maarifa ya watu, hana budi kwanza kuuliza ni neno gani lililokuwapo kabla ya mkopo huo.